Jirani Kwanza, Nyumba Baadaye: Mwongozo kwa Wawili wa Jinsia Moja Wanaotafuta Makaazi Zanzibar

Mimi na mwenzangu tuna nyumba Unguja. Mtaa siutaji, na mkisoma mtajua kwa nini. Ni nyumba ya kawaida ya Ng'ambo, sehemu ya mji iliyo nje ya Mji Mkongwe: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba viwili kulia na viwili kushoto, uani jiko, choo na mndimu mmoja mkaidi usiozaa. Ilituchukua miaka mitatu kuipata, na pesa tulizopoteza njiani zingetosha kuezeka bati jipya nyumba nzima. Wanaoniuliza "mlifanyaje?" wameongezeka: wanawake wawili wawili, wanaume wachache, na siku hizi hata Wazanzibari walioko Uingereza na Kanada wanaotaka kurudi nyumbani na wenzao. Nimechoka kujibu kila mmoja kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi. Majibu yangu yote ni haya.

Kwanza toeni neno moja kichwani: kukubaliwa. Ukitafuta mtaa wa Zanzibar utakaokukubali hadharani wewe na mpenzi wako, utatafuta mpaka meno yang'oke. Kinachopatikana ni sitara. Mtu wa sitara anaweza kuwa anajua, au anahisi, au hataki kujua. Lakini hatakuchungulia, hatakutangaza, na akimsikia mwingine anakutangaza atamnyamazisha. Wazee wetu wameilea tabia hii kwa dini na kwa malezi: anayemsitiri mwenzake, Mungu naye atamsitiri. Mtaa wenye tabia hiyo upo, nimeuona, naukaa. Kuutafuta ndiyo kazi yenyewe. Nyumba ni kazi ya pili.

Hatua ya kwanza: ijueni sheria kama ilivyo

Hapa sipambi. Sheria ya Adhabu ya Zanzibar ya mwaka 2004, na ile ya 2018 iliyochukua nafasi yake, zimefanya mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa, kwa wanaume na kwa wanawake pia. Kwa kitendo baina ya wanaume kifungo kinaweza kufika miaka 14. Na ile ya 2004 haikuishia kitandani. Iliingiza kosa la watu wa jinsia moja kufunga ndoa, kuisherehekea, au kuishi kama mume na mke. Kwa mnunuzi wa nyumba hilo la mwisho ndilo zito, maana nyumba yenyewe inaweza kugeuzwa ushahidi.

Kwa hiyo hakuna sherehe. Novemba 2018 polisi waliwakamata wanaume kumi huko Pongwe, pwani ya mashariki, kwa madai kwamba palikuwa na arusi ya wanaume. Polisi hawakuota. Waliletewa taarifa na raia. Kumbukeni hilo kila mnapochagua jirani.

Mliotoka nje msidhani pasi ya Ulaya ni hirizi. Cheti cha ndoa cha London kibakie London, wala msikitoe benki, wala kwa wakili, wala uhamiaji. Visiwa hivi vina uso wa wageni na uso wa wenyewe. Watalii wanapelekwa Shangani kuonyeshwa nyumba ya Freddie Mercury, mwanamuziki wa Queen aliyezaliwa Unguja, na tiketi inakatwa. Lakini mwaka 2006, ilipopangwa sherehe ya kuadhimisha miaka sitini ya kuzaliwa kwake, jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ilikuja juu kwa sababu ya mapenzi yake na wanaume, na sherehe ikafa. Jina linauzwa, mtu hatakiwi. Nunueni nyumba mkijua mnanunua upande upi.

Hatua ya pili: amueni mtakuwa nani mtaani

Hili limalizeni chumbani kwenu kabla hamjamwona dalali yeyote. Mtaani mtaulizwa, tena siku ya kwanza: "Nyie ni nini kwa nini?" Jibu liwe moja, fupi, na lisihitaji kufanyiwa matengenezo kila mwezi. Ukisema "dada yangu wa baba mmoja", siku moja atakuja mjomba kutoka Makunduchi na kukuvua nguo mbele za watu. Ukisema "mwenzangu, tumenunua pamoja", hujasema uongo na hujasema kitu. Neno mwenzangu lina baraka zake. Ni mke mwenza, ni mwenza wa biashara, ni mwenza wa safari, kila mtu analichukua kwa kadiri ya akili yake.

Wanawake wana nafuu. Mtalaka na mjane kukaa nyumba moja si ajabu Unguja, na shoga kwa shoga hulala chumba kimoja, huvaa kanga doti moja, huenda arusini mkono kwa mkono, na hakuna anayegeuka. (Baadhi ya watu wa Dar es Salaam wakisikia mwanamke wa Unguja anamwita mwenzake "shoga yangu" hushtuka, kwani kwao neno hilo limeshageuka tusi la wanaume. Sisi tuacheni nalo, linatufaa.) Ila nafuu hiyo ina bei: mwanamke asiye na mume ana ndugu wanaojiona wana haki ya kumpangia maisha, na kila likizo mtaletewa mchumba.

Wanaume wawili shida yao ni umri. Mtaa unavumilia vijana wa gheto. Mkishapita thelathini na kitu, maswali yanaanza, na utani unafuata. Waliofanikiwa ninaowajua wamefanya moja kati ya mawili. Wengine wamechukua fleti mbili jengo moja, kila mmoja na mlango wake na mita yake ya umeme. Wengine wamenunua nyumba yenye banda la uani, mmoja akawa mwenye nyumba na mwingine mpangaji mwenye mkataba wa maandishi, kodi ikiingia benki kila mwezi kwelikweli. Mkataba wa upangaji ni karatasi isiyo na mapenzi ndani yake. Mtu yeyote akiisoma anaona kodi tu.

Na kwa wote: vyumba viwili vyenye vitanda viwili vilivyotandikwa. Sipendi kuliandika hili, lakini mgeni akiomba kupumzika kidogo ndani, au fundi akija kutazama dari, macho yake yasikute swali.

Hatua ya tatu: chagueni mtaa

Mji Mkongwe wengi wanaukimbilia kwa sababu una wageni na wapangaji wa kila aina. Ni kweli mgeni hashangazi pale. Lakini vichochoro vyake ni vyembamba. Kikohozi chako jirani anakisikia, na anayeingia kwako usiku wa manane anaonekana na nusu ya mtaa. Tena nyumba zake zinakula pesa: chokaa, boriti, mapaa. Mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, huwezi kubadilisha hata dirisha bila kibali cha mamlaka ya uhifadhi. Nyingi pia ni wakfu, nitalirudia.

Fuoni, Tomondo, Mwanakwerekwe na viunga vingine vipya vina kuta ndefu na mageti, na watu wamehamia kutoka kila mahali. Faragha ipo. Kasoro yake ni kwamba hakuna anayekujua, na asiyejulikana hana wa kumtetea. Siku likizuka neno, hakuna mzee atakayesema "hao nawajua, ni watu wema". Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Fumba na majengo mapya ya fleti yana sitara ya pesa. Majirani hawajuani, wengi ni wageni au Wazanzibari wa nje, na fleti zake zinaweza kununuliwa na asiye Mzanzibari kwa mujibu wa sheria ya majengo ya umiliki wa pamoja ya 2010. Lipo jambo moja la kutazama, mlinzi wa getini. Anaandika majina na saa. Muwe na adabu naye kuliko mnavyodhani inahitajika.

Paje na Jambiani zinadanganya. Ufukweni utaona kila kitu, ukadhani umefika Ulaya. Mita mia mbili nyuma ya hoteli ni kijiji, kina msikiti, kina wazee, na mhudumu aliyekutilia kahawa asubuhi jioni anakaa barazani na babu yake.

Pemba nawaambia kwa mapenzi: msianze huko, isipokuwa mmoja wenu ni wa huko na ana angalau mtu mmoja mzito wa ukoo anayempenda bila masharti. Wete au Chake, unaulizwa u mtoto wa nani kabla hujaulizwa jina. Ukiwa na mtu wako, Wapemba wanasitiri kuliko mtu yeyote. Ukiwa huna, u mgeni maisha.

Mimi moyo wangu uko Ng'ambo ya zamani, Kikwajuni, Miembeni, Kisiwandui na mitaa ya aina hiyo. Watu wamekaa pamoja tangu enzi za babu zao, wameshaona kila aina ya mtu: wacheza taarabu, walevi, wachawi, masheikh, wanasiasa wa pande zote mbili. Wamejifunza kukaa.

Ila msinunue kwa jina la mtaa. Kodini kwanza, miezi sita hapohapo au karibu yake, hata kama mwenye nyumba anataka kodi yote mkononi. Halafu fanyeni mtihani huu, ambao ndio siri pekee niliyonayo.

Takriban kila mtaa una mtu wake. Mpambaji wa maarusi, mshonaji, mpishi wa shughuli, kijana ambaye kila mmoja anajua na hakuna anayesema. Mtafuteni kwa macho, msimsogelee, msimtie mashakani. Kaeni tu dukani au barazani baada ya alasiri na msikilize anapopita.

Mtaa wa kwanza tuliokodi, mpambaji alipopita na mafurushi yake ya vitambaa, vijana walipiga mbinja. Mmoja akatamka lile neno. Wazee waliokuwa wakicheza bao wakacheka, kete mkononi, na mmoja akaongeza chumvi. Tukarudi ndani, tukaanza kufunga mizigo. Mtaa wa pili, miezi minane baadaye, mtu wa namna ileile alipita na beseni la maandazi kichwani. Kijana mmoja akaanza, "Oyaa, bibi…" Mzee aliyekuwa ameegemea ukuta hakunyanyua hata kichwa. Alimwambia kijana: "Weye, mama yako si alikutuma sukari?" Kijana akaondoka. Mzee akamwita mwenye maandazi, akanunua mawili, akampa salamu za mamake. Basi. Wiki ile ile tukaanza kuuliza nani anauza nyumba.

Sikilizeni pia wanavyowasema wengine wenye makosa ya aina nyingine: binti aliyezaa nje, mume aliyeachwa, mtoto wa unga. Anayemwanika huyo leo atawaanika nyie kesho. Nendeni Ramadhani, kwani mwezi ule watu wanachungana zaidi, na mtaa unaopumua Ramadhani utapumua mwaka mzima. Na mwangalieni sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa: anatuma wajumbe kuuliza nani kalala kwa nani, au anakaa kwake mpaka aitwe?

Hatua ya nne: nyumba yenyewe

Nyumba njema si mlango, lakini kwetu mlango nao ni mambo. Tafuteni nyumba ambayo mgeni anapokelewa ukumbini bila kupita vyumbani. Uani pawe na ukuta wa urefu wa mtu, na madirisha ya chumba cha kulala yasitazamane na baraza la jirani. Nyumba za kale za Waswahili zilijengwa kwa hesabu hiyohiyo: daka, ukumbi, ndani. Wazee walijua stara ni kazi ya fundi muashi kabla haijawa kazi ya sheikh.

Msijifungie mno. Nyumba yenye baraza, na nyie mkakaa barazani jioni na kikombe cha kahawa, inazua maneno machache kuliko yenye geti la chuma lisilofunguka.

Hatua ya tano: hati

Hapa ndipo tulipoliwa, na tuliliwa kama mnunuzi mwingine yeyote, mapenzi hayakuhusika. Tulilipa kianzio cha nyumba ya mirathi ambayo warithi walikuwa saba na mmoja tu ndiye aliyekuwa anauza. Dalali akazima simu. Kwa hiyo:

Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, kwa sheria ya ardhi ya 1992. Unachonunua ni haki ya matumizi, na haki hiyo hupewa Mzanzibari. Asiye Mzanzibari njia yake ni ukodishaji kupitia mamlaka ya uwekezaji, au fleti. Kama mmoja wenu ni Mzanzibari na mwingine siye, jambo hili litaamua kila kitu katika hatua inayofuata.

Nendeni Kamisheni ya Ardhi mkatazame jina lililosajiliwa, msitosheke na karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa sheha. Uhaulishaji, yaani kuhamisha haki ya ardhi kwa mnunuzi, upitie Bodi inayohusika. Ulizeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kama nyumba ni wakfu, maana wakfu hauuzwi, na akikuuzia mtu umenunua kesi. Kiwanja cha shamba kiwe si sehemu ya eka tatu zilizogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964. Waliopewa walipewa kulima, si kuuza vipandevipande, ingawa vinauzwa kila siku. Na mashamba yenye minazi au mikarafuu muulize miti ni ya nani. Kwetu mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwingine, na utashangaa siku mtu anapokuja kuangua nazi zake uani kwako.

Kuhusu madalali, wasijue zaidi ya bajeti na idadi ya vyumba. Mmoja alitutazama, akatabasamu, akasema yeye ni mtu mzima, ameona, na atanyamaza kwa laki tatu. Ukilipa kunyamazishiwa mara moja umefungua hesabu. Tulimwambia nyumba haikutupendeza, tukabadilisha namba za simu, tukahamia kutafuta upande mwingine wa mji. Nyumba ile ilikuwa nzuri, bado naiota.

Hatua ya sita: majina mawili, au deni moja

Watu wengi wakishapata nyumba huishia hapo, kisha mmoja akafa. Sheria haiwajui kama wanandoa, kwa hiyo hamrithiani. Tuseme nyumba ni milioni 60, kila mmoja katoa 30, na kwa uvivu imeandikwa jina la mmoja. Huyo akifariki naye ni Muislamu asiye na mali nyingine, wasia wake kwa asiye mrithi hauvuki thuluthi. Mwenzake anapata 20 kama wasia upo, na kaka na dada wa marehemu wanachukua 40. Wasia ukiwa haupo, hapati hata ufunguo. Nimemwona mwanamke aliyetolewa nyumba aliyoijenga, siku ya tatu ya msiba, na watu waliokuwa wamekula wali wake wa khitma.

Dawa ya kwanza ni majina mawili kwenye hati, hisa zikiandikwa wazi, nusu kwa nusu. Watu wawili kununua pamoja si kosa. Ndugu, marafiki na washirika wa biashara wanafanya hivyo. Mmoja akifariki, chake ni 30, na katika hizo anaweza kukuusia 10. Unabaki na 40, na warithi wana 20 ambazo utafute namna ya kuwalipa. Anzeni kuiweka pesa hiyo mapema, kwa mchezo wa upatu au akaunti, kwani warithi hawasubiri.

Kama haiwezekani kuandika majina mawili, kwa mfano mmoja si Mzanzibari, andikianeni deni. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi, basi hakuna atakayewashangaa. Deni hulipwa kabla ya wasia na kabla ya mirathi. Milioni 60, toa deni la 30, zinabaki 30, thuluthi yake 10: hesabu inarudi palepale, 40. Deni liwe la kweli, pesa ipite benki, tarehe iwepo, mashahidi wawe hai na watu wazima.

Ipo pia hiba, zawadi unayotoa ungali hai na mzima, ambayo haina kikomo cha thuluthi. Sharti lake ni kukabidhi kwelikweli, si kuandika na kubakia na funguo. Ikitolewa katika maradhi ya kufia, inahesabiwa kama wasia. Na uliyempa hiba leo mkigombana kesho, imekwenda. Mimi na mwenzangu hatukuthubutu. Tunapendana, lakini si wajinga.

Wasio Waislamu wana njia nyingine za wasia, pana zaidi, wamuone wakili. Kwa wakili neno ni lilelile: tumenunua pamoja, tunataka kila mmoja alindwe. Wakili mzuri haulizi zaidi. Akiuliza zaidi, tafuteni mwingine.

Hatua ya saba: kuhamia

Chukueni barua ya sheha wa mlikotoka, mpelekee sheha mpya ndani ya wiki ya kwanza. Msisubiri mfuatwe. Sisi tulikwenda asubuhi, buibui na mtandio, vitambulisho vya Mzanzibari mkaazi mkononi. Sheha wetu ni mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliandika jina langu, akaandika jina la mwenzangu, akafika kwenye uhusiano. "Mnahusianaje?" Nikamwambia, "Ni mwenzangu, tumenunua pamoja." Kalamu ikasimama. Alinitazama juu ya miwani, akamtazama mwenzangu, akatazama nje kuku walikokuwa wanachakura. Kisha akainama na kuandika mwenyewe, hakuna aliyemwambia: ndugu. Akaufunga mkoba, akasema, "Maji yakikatika mtaa huu, kisima kipo msikitini, semeni mmetumwa na mimi."

Baada ya hapo ni kuwa mtu wa watu. Mazikoni muende, hata ya msiyemjua; mwanamke akae na wanawake wenzake ndani, mwanamume ashike jeneza hatua chache. Ingieni mchezo wa mtaa, na mlipe kabla ya siku. Ramadhani pelekeni sahani kwa majirani wa pande zote nne. Sisi mwaka wa kwanza tulipeleka mihogo ya nazi na tambi. Bibi wa mkono wa kulia, aliyekuwa hajatuitikia salamu tangu Rajabu, alirudisha sahani na vitumbua juu, akasema vyetu vina chumvi nyingi. Sasa ndiye anayekuja kufungua nyumba tukisafiri.

Watu wenu wenyewe, kuchu (wapenzi wa jinsia moja) wenzenu, waonane nanyi, msikatane nao, mtazeeka vibaya. Lakini wasijazane kwenu watu kumi usiku mmoja. Waje arusini, waje khitmani, waje wawili wawili mchana na mfuko wa matunda. Simu zibaki bila picha za nyumba. Mtaa unaweza kusitiri, skrini haisitiri.

Hatua ya nane: siku mbaya

Sitara si mkataba. Inaweza kuvunjika kwa ugomvi wa mpaka wa uzio, kwa jamaa anayeitaka nyumba, kwa kijana aliyefukuzwa mchezoni. Wekeni pesa ya nauli ya boti na wiki mbili za kula, pembeni, isiguswe hata kwa Idi. Namba ya wakili muihifadhi kichwani, si kwenye simu. Kubalianeni nani anakwenda wapi, na kwamba mkiitwa kuhojiwa hakuna anayeeleza chochote bila wakili. Mkihisi joto, mmoja asafiri kwanza, "kaenda kumuuguza mama", mwingine abaki na kupika kama kawaida.

Na nakala za hati, mkataba na wasia zikae nje ya nyumba. Zetu ziko kwa shangazi yangu, ng'ambo ya bahari, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi. Nilimwambia ni karatasi za kiwanja. Aliipokea, akaipima uzito mkononi, akaitia chini ya Kurani yake ya zamani kabatini, akaniuliza kama mwenzangu bado anasumbuliwa na kifua.